Dereva Aliyeijua Akropoli kwa Masikio

Pale Kerasoula, kijiji chetu cha milimani juu ya Karditsa, wasomi walikuwa wawili tu: Padri Serafim, aliyesoma vitabu, na Vaios Tsiaras, dereva wa basi, ambaye shule aliiacha darasa la sita. Padri alijua habari za mbinguni, Vaios alijua habari za Athene. Na tusidanganyane, mkahawani waliotaka habari za Athene walikuwa wengi kuliko waliotaka za mbinguni. Ndiyo maana jina la Profesa alipewa Vaios.

Miaka thelathini na moja aliendesha basi la watalii. Akirudi kijijini siku ya mapumziko, kahawa haijatulia kikombeni, watu wanavuta viti. "Haya Profesa, tupandishe." Naye anawapandisha kwa maneno hadi Akropoli, kilima chenye mahekalu ya kale. Anawaeleza hekalu la Parthenoni, nguzo zake za nje arobaini na sita, na kwamba hakuna hata moja iliyosimama wima sawasawa, zote zimeegemea ndani kidogo, sema jicho halioni. Anawaeleza wale mabinti sita wa mawe waliobeba dari vichwani karne kwa karne. "Na hawalalamiki kiuno," huwatania wanawake. Kisha anamalizia na kile walichokipenda wote: "Na pale karibu na mzeituni pana jiwe langu. Watalii wakizunguka, mimi nakaa pale, nafungua mkate wangu na zeituni zangu, natazama bahari. Hata walinzi wananijua."

Habari za nguzo zilikuwa za kweli. Alizisikia kwa waongoza watalii, waliosimama ubavuni mwake na kipaza sauti mamia kwa mamia ya safari. Jiwe ndilo lilikuwa uongo. Vaios hajawahi kukaa juu ya jiwe lolote kule, kwa sababu Vaios hajawahi kupanda Akropoli hata siku moja.

Msimcheke kabla hamjaijua kazi yenyewe. Dereva wa basi la watalii Athene hushusha watu chini ya kilima, basi. Yeye habanduki. Trafiki wa Athene hawabishani na mtu: wakikuta basi halina dereva mahali pasipostahili wanatoa bisibisi, wanang'oa vibao vya namba, na kesho yake uko foleni unaviomba kama yatima. Kwa hiyo watalii walipopanda kwenda kuona maajabu ya dunia, Vaios alibaki kwenye usukani, mkate mkononi, akitazama tumbo la kilima. Muda wa saa mbili, hata tatu. Wakishuka, wamechoka na wamefurahi, anawafungulia mlango. "Ilikuwaje?" "Aa, we acha tu!" Ndiyo Akropoli yake hiyo.

Uongo wenyewe ulianza kwa neno moja. Aliporudi kutoka safari yake ya kwanza kabisa, baba mkwe wake, mzee mkali ambaye alikuwa hajameza bado kwamba binti yake kaolewa na dereva, alimwuliza mbele za watu, "Enhe, ulipanda?" Asimina, ambaye ndoa yao ilikuwa na miaka miwili tu wakati huo, alikuwa amesimama na sinia la kahawa, macho yanamng'aa. Vaios akatazama yale macho, akasema, "Nilipanda." Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini uongo haupendi upweke, huita nduguze. Wiki iliyofuata ikaja habari ya upepo, mwezi uliofuata habari ya walinzi, na kabla ya Krismasi alikwisha kuwa na jiwe.

Mtu atauliza, kwa nini asipande siku moja kimyakimya, uongo ukawa kweli? Alijaribu. Mwaka mmoja basi liliharibika, likaachwa gereji, akapata saa tatu za bure. Akaenda kwa miguu hadi kwenye lango. Akasimama. Akawaza, je, nikikuta si kama ninavyosimulia? Nitarudije mkahawani? Akageuza, akanunua mkate wa ufuta barabarani, akaula amesimama. Woga wa namna hiyo hauna dawa.

Asimina naye hakuwahi kusafiri naye. Mara ngapi Vaios alimwambia, "Njoo, kiti cha mbele kipo"? Kila mara palikuwa na jambo: mbuzi wamezaa, mahindi yamekauka, mama anaumwa. Na Vaios, Mungu amsamehe, kila mara alishusha pumzi.

Basi mwaka huu Vaios anatimiza miaka sitini na saba, anastaafu. Tajiri wake akampa basi kwa safari ya mwisho, awapeleke wanawake wa parokia yake Athene, waende asubuhi warudi jioni. Ilikuwa Jumamosi ya Kwaresima. Abiria ishirini na wawili na Padri Serafim, na kila kikapu kimejaa chakula cha mfungo: mikate ya mchicha bila jibini, zeituni, maharage, halua ya kutosha kulisha jeshi. Kwenye kiti cha mbele, mkoba magotini, leso mpya kichwani, alikaa Asimina.

"Na mbuzi je?" Vaios alikuwa amemwuliza alfajiri.

"Mbuzi wana jirani. Ni safari yako ya mwisho. Nisipokwenda leo nitakwenda lini? Nataka nikakae kwenye jiwe lako."

Basi likashika njia ya Lamia. Wanawake waliimba nyimbo za kanisa, kisha nyimbo ambazo si za kanisa, padri akajifanya kalala. Vaios alikuwa akipiga hesabu. Nitawashusha chini, alijiambia. Nitasema basi haliachwi, na hilo ni kweli tupu, hata padri hawezi kulipinga. Watapanda wenyewe, watashuka, tutakwenda. Mzeituni wataukuta, jiwe watajichagulia. Walipopita Thiva moyo ulikuwa umetulia, akaomba kipande cha halua.

Ndipo Shangazi Lambrini, aliyekaa nyuma ya Asimina, mama wa miaka themanini na mdomo wa miaka ishirini, akasimama akishikilia kiti.

"Vaios mwanangu, tiketi binti yangu kazikata kwa simu. Saa tano kamili tuwe langoni. Ishirini na tatu."

"Ishirini na mbili, shangazi, na padri ishirini na tatu."

"Padri hapandi, nyonga yake mbovu. Ishirini na mbili sisi, na moja yako. Nani atatueleza? Mwongozaji hatukuchukua, tuna Profesa wetu!"

Basi zima likapiga makofi. Halua ikamkwama Vaios kooni.

"Shangazi, mimi siwezi kuacha basi. Trafiki watang'oa namba, tutalala Athene."

"Enhee," akasema Shangazi Lambrini, "na wewe ulikuwa unaliachaje ulipokwenda kukaa kwenye jiwe lako?"

Vaios akashika usukani kwa mikono miwili. Hapo ndipo mwongo huonekana fundi au mwanafunzi.

"Zamani palikuwa na mwenzangu wa kuniangalizia," alisema. "Amekufa."

"Mungu amrehemu," wanawake wakaitikia, wakajifanyia ishara ya msalaba, na Vaios akajiona sasa amemuua hata mtu ambaye hakuzaliwa.

Padri Serafim akafungua jicho moja. "Nitakaa mimi kwenye usukani," alisema. "Niliipanda nikiwa mwanafunzi, inanitosha. Na nimtazame huyo polisi wa Kigiriki atakayemsogelea padri na bisibisi."

Haya, mseme ninyi, angekataa kwa lipi? Saa tano kasorobo basi lilikuwa limesimama chini ya kilima, Padri Serafim amepanda kwenye kiti cha dereva na kofia yake nyeusi na ndevu zake hadi kifuani, ameweka mikono yote miwili kwenye usukani kwa heshima kama anashika Injili. Vaios alishuka ngazi za basi lake.

Njia ya kupanda ilijaa watu wa kila taifa. Shangazi Lambrini alikokotwa na wapwa wawili, akihesabu ngazi kwa matusi madogo madogo. Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Kwa kuwa asiye na leseni haruhusiwi kuongoza watu, Vaios alinong'ona, nao wanawake wakamzunguka kama kuku wamezunguka mtama. Akawaeleza lango kubwa, akawaeleza kihekalu kidogo cha Ushindi kilichokaa pembeni kulia, kila kitu mahali pake. Asimina alikuwa akitembea ubavuni kwake, kidevu juu, akitazama wanawake wengine: mnamsikia mume wangu?

Kile kidevu ndicho kilichomchoma.

Walipotoka upande wa pili wa lango, Parthenoni ikawa mbele yao, na Vaios akasahau kunong'ona. Kwa masikio alikuwa ameijua kwa miaka thelathini na moja. Lakini masikio hayapimi ukubwa. Kilikuwa kitu kikubwa bila kujivuna, rangi ya asali, na upepo ulikuwa ukivuma kati ya nguzo mpaka leso za wanawake zikageuka bendera. Na katikati yake palikuwa na kreni, na majukwaa ya vyuma, na mafundi wenye helmeti. Hakuna mwongozaji hata mmoja aliyewahi kutaja kreni kwenye basi.

"Hukutuambia kuna mafundi," alisema Shangazi Lambrini.

"Ni... wa juzi," alisema Vaios.

"Wa juzi?" Mtalii mmoja Mgiriki aliyekuwa karibu akacheka. "Mama, hao wapo tangu mimi nasoma shule ya msingi!"

Wanawake walitawanyika kupiga picha. Asimina alimshika mume wake mkono. "Twende kwenye mzeituni," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi na wewe tu."

Vaios aligeuka kulia. Kwa nini kulia? Kwa sababu ilimbidi ageuke mahali. Wakaizunguka Parthenoni yote, upande wa bahari, wakapita kwenye mlingoti wa bendera ya taifa, wakarudi, Asimina akiteleza kwenye marumaru iliyosuguliwa na nyayo za dunia nzima, na mzeituni hawauoni. Ulikuwa kushoto, hatua chache tu kutoka pale walipoanzia, karibu na wale mabinti wa mawe. Walipoufikia jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni ingawa upepo ulikuwa wa baridi.

"Lipi?" aliuliza Asimina.

Palikuwa na mawe, mawe na mawe. Vaios alinyoosha kidole kwenye moja lililokuwa bapa kidogo. "Lile."

Asimina alilisogelea kama mtu anayesogelea ikoni ya kanisani. Akapangusa vumbi kwa kiganja. Akakaa, akapanga sketi yake, akaweka mkoba magotini, akatoa kipande cha mkate na zeituni nne ndani ya karatasi. Alikuwa amezibeba kutoka Kerasoula kwa ajili hiyo. Akamtazama mumewe, akatabasamu, na kwa dakika moja alikuwa yule msichana mwenye sinia.

Filimbi ikalia. Watu hamsini wakageuka.

"Bibi! Bibi, tafadhali, inuka!" Mlinzi, mwanamke mwenye miwani na fulana ya kazi, alikuwa anakuja mbio. "Juu ya mawe hakukaliwi. Na chakula hakiruhusiwi huku juu, funga, funga."

Asimina aliinuka kwa haraka mpaka zeituni zikamwagika. "Samahani, binti yangu. Lakini mume wangu ni dereva, huwa anakaa hapa. Walinzi wanamjua. Miaka thelathini na moja."

Mlinzi alimtazama Vaios. Alikuwa mtu mwema, unaona, alitafuta namna ya kulisema bila kumwumiza, akaikosa. "Mama, mimi nipo hapa mwaka wa ishirini na nane. Hakuna anayekaa hapo. Hata waziri akija hakai." Akaokota zeituni moja, akampa, akaondoka.

Asimina alisimama na zeituni mkononi. Vaios angeweza kusema jiwe silo. Angeweza kusema mlinzi ni mgeni wa zamu nyingine. Maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni, miaka yote hiyo yalikuwa hayajamtupa. Akamtazama mke wake, akaona anayasubiri. Akachoka.

"Asimina," alisema. "Sijawahi kupanda huku. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza?"

"Ya kwanza. Nilikuwa nabaki kwenye basi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Asimina hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. "Unajua kwa nini sikuwahi kuja nawe?" aliuliza.

"Mbuzi," alisema Vaios.

"Mbuzi!" Akacheka kicheko kikavu. "Mbuzi wangekufa kwa siku moja? Mama yangu angekata roho kwa siku moja? Nilikuwa naona haya, Vaios. Wewe unaongea habari za nguzo na wafalme, mimi hata nikienda Karditsa kununua viatu napotea. Nilijiambia, nikienda naye nitauliza swali la kipumbavu mbele ya watu wake, nao watasema, huyu ndiye mke wa Profesa? Nikakaa nyumbani nisikuaibishe. Miaka thelathini na moja! Kumbe ulikuwa peke yako kule chini, unakula mkate mkavu."

"Kiti cha mbele kilikuwa kitupu," Vaios alisema kijinga.

"Najua kilikuwa kitupu! Kilikuwa changu!"

Hapo machozi yakamtoka yule mwanamume mzima, mbele ya mzeituni, mbele ya mabinti sita wa mawe na kundi la wazee wa Kijapani walioinamisha macho kwa adabu. Mimi nasema alistahili. Alikuwa amedhani kwamba uongo wake haujamla mtu, kwamba ulikuwa kahawa na vicheko tu. Hakujua kwamba kila safari ulikuwa ukikaa nyumbani kwake, ukimwambia mke wake kuwa hafai.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui kama nitakusamehe leo," alisema Asimina, akipenga kamasi. "Pengine Pasaka. Tuna muda gani kabla ya kushuka?"

"Dakika arobaini."

"Basi nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mke wangu? Nimekwambia sijui."

"Ndiyo hivyo hivyo. Wewe tazama, na mimi nitazame. Safari hii hakuna anayemweleza mwenzake."

Wakatazama. Walitembea polepole, mkono kwa mkono kwa sababu ya utelezi, na pengine si kwa utelezi tu. Asimina ndiye aliyeuliza, na hakuona haya hata kidogo. Alimwita yule mlinzi, akamwuliza mbona mzeituni ni mdogo hivi. Mlinzi akasema mti huu ni wa juzi tu, ulipandwa enzi za mababu zetu mahali pa ule wa hadithi za miungu wa kale.

"Haa!" alisema Vaios. "Nimewaambia kijiji kizima una miaka elfu mbili!"

Nusu ya mambo, kumbe, waongozaji huyasemea huko juu, ambako yeye hakuwapo. Wakaambiwa wale mabinti sita si wenyewe, wenyewe watano wamewekwa makumbusho wasiliwe na moshi wa jiji, mmoja alichukuliwa ng'ambo zamani, hawa ni nakala. Asimina akacheka mpaka akashika kiuno. Kwenye ukuta karibu na bendera wakasimama kutazama jiji jeupe lililomwagika hadi baharini. Vaios akatafuta basi lake kule chini, akaliona, dogo kama kiberiti. Akalitazama kwa muda mrefu. Alimwonea huruma mtu aliyekaa mle miaka yote ile.

Waliposhuka walimkuta Padri Serafim bado kwenye usukani, na kwenye ngazi ya mlango amekaa kijana trafiki, kofia gotini, anakula mkate wa mchicha.

"Alikuja na bisibisi," alisema padri kwa utulivu. "Nikamwuliza ameungama lini."

Trafiki aliinuka akapangusa makombo. "Jamani mama zangu, mkate huu hauna jibini lakini hauna kasoro," alisema, akaenda zake, na vibao vya namba vikabaki mahali pake.

Kituo kilichofuata kilikuwa kiwanja cha hekalu la Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, chini tu ya hapo: nguzo ndefu kumi na tano zilizosimama, na moja iliyolala majanini, imekatikakatika vipande vya duara kama soseji iliyopitiwa na kisu. Vaios aliegesha kando. Wanawake, wameshiba upepo na picha, wakaanza kupiga viti vyao. "Profesa! Profesa! Kipaza sauti!" Kule juu, walisema, walimpoteza, sasa awalipe.

Asimina aliegemea mbele. "Sema unavyotaka," alimnong'oneza. "Mimi sitakusuta. Yaliyotokea juu ni yetu."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi hivyo. Angelisimulia hekalu la Zeu lote, akarudi Kerasoula Profesa, akafa Profesa, akazikwa Profesa. Vaios alichukua kipaza sauti. Mle ndani kila mtu aliisikia pumzi yake.

"Mama zangu," alisema. "Hapa nimepaki mara elfu. Sijashuka hata mara moja. Na kule juu sijawahi kupanda kabla ya leo. Jiwe halipo. Mwenzangu aliyekufa hayupo, hakuwahi kuwapo, msimwombee tena. Mambo yote niliyasikia kwa waongozaji nikiwa nimekaa hapa. Nilimdanganya mke wangu kwanza, ninyi mkafuata."

Shangazi Lambrini akafunga mkoba wake kwa kishindo.

"Mwizi wewe! Kahawa ngapi marehemu mume wangu alikununulia kwa ajili ya lile jiwe?"

"Nyingi, shangazi."

"Alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia mpaka usingizi unamchukua." Aliinuka akishikilia kiti. "Alilala vizuri, masikini. Haya, fungua mlango, Profesa wa masikio! Sitabaki mimi ndani ya basi uzeeni."

Kicheko kilichopasuka mle ndani kilimfanya hata padri asahau Kwaresima. Wanawake walishuka mmoja mmoja, na kila aliyepita alimpiga Vaios begani, mwingine kwa upole, mwingine kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Padri Serafim akajivuta tena hadi kwenye usukani, akiomba aachiwe halua.

Vaios na Asimina walikuwa wa mwisho kuingia kiwanjani. Walikwenda moja kwa moja kwenye ile nguzo iliyolala.

"Nini kiliiangusha?" aliuliza Asimina.

Vaios alifungua mdomo. Tetemeko la ardhi, ndivyo alivyosimulia sikuzote, na mkahawa mzima ulikuwa ukitetemeka naye. Akafunga mdomo.

"Sijui," alisema.

Asimina alimgeukia akamtazama usoni kwa makini, kama mtu anayepokea kitu mkononi na kupima uzito wake. Kisha akamvuta shati mpaka kwenye bango. Miwani yao ilikuwa moja, ya Vaios, wakaigawana: yeye akasoma mistari ya juu, Asimina ya chini. Ilikuwa tufani, bango lilisema, dhoruba ya usiku mmoja tu, zamani za mababu wa mababu.

"Upepo!" alisema Vaios.

"Upepo," alisema Asimina. Akamrudishia miwani, akafunga leso yake vizuri. "Na wiki ijayo twende wapi?"

"Wiki ijayo sina basi, Asimina. Nimestaafu."

"Nani kauliza habari za basi?" alisema Asimina. "Nimekuuliza twende wapi."